Dagaa wa Mwanza Kwenye Pakiti ya Moa

Shangazi aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akasema, "hawa mbona dagaa wa Mwanza? Sisi huku twakausha mcheli."

Nilikuwa nimekaa siku nne mbele ya kompyuta nikitengeneza stika hiyo. Nilikuwa nimeweka bahari ya buluu, jua linazama, jahazi la tanga jeupe, na katikati rundo la dagaa wanaong'aa niliowatoa kwenye intaneti. Niliona nimemaliza kazi. Kumbe nimechukua dagaa wa Ziwa Victoria nikawapandisha kwenye pakiti ya Moa, kijiji cha pwani kilichopo wilaya ya Mkinga, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Ingekwenda kuchapwa vile, akina mama wale wangekuwa wanamtangaza mshindani wao kwa fedha zao wenyewe.

Na fedha zenyewe hazikuwa za mchezo. Shangazi na wenzake wana kikundi cha kuweka na kukopa. Walikuwa wamechoka kuwauzia wachuuzi dagaa kwa ndoo, bei ikipangwa na mnunuzi. Wakachanga ili wapate pakiti zenye jina lao, waziingize kwenye maduka ya Tanga mjini. Mchango ule ulitosha kuchapa mara moja tu. Ukikosea, basi, mpaka msimu mwingine.

Mimi nasoma ualimu, sisomi usanifu. Likizo ndefu iliyopita nilikuwa naokoteza kazi ya kunisogeza mpaka bumu litoke, nikapata nafasi kwenye ofisi ndogo ya grafiki mitaa ya Ngamiani, Tanga mjini. Tulikuwa watatu: mwenye ofisi, ambaye wote tulimwita Dada, kaka mmoja fundi wa mashine ya kuchapa, na mimi, niliyejua programu moja ya kuchorea na hiyo yenyewe kwa kubabaisha. Kazi ya stika ya Moa nilipewa mimi kwa sababu ndiko kwetu. Kwa hiyo aibu ile ilikuwa yangu peke yangu, na ndiyo iliyonifanya nianze kujiuliza swali ninalotaka tulijibu hapa: hivi wazo zuri la ubunifu huwa linatoka wapi? Wengi wetu tunaamini linashuka tu. Mwenzako amejaliwa, wewe hukujaliwa, habari imeisha. Baada ya miezi mitatu ofisini siamini hivyo tena, na nadhani mwalimu mtarajiwa akiendelea kuamini hivyo atawaumiza watoto wa watu.

Siku ya ofisi inavyokwenda

Ukisikia "ofisi ya ubunifu" unaweza kupiga picha ya vijana wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, wanatazama dari wakingoja wazo. Ya kwetu ilikuwa chumba kimoja, feni moja, kompyuta mbili na mashine ya kuchapa ambayo ilikuwa na siku zake. Saa mbili na nusu asubuhi unafagia, unaangalia wino, unaangalia kama umeme upo. Saa nne anapita mama wa mihogo ya kukaanga, kazi inasimama dakika kumi. Halafu wanaanza wateja: bwana harusi mtarajiwa anataka kadi za michango, mwalimu anataka vyeti vya wahitimu wa darasa la saba, mwenye duka la vipuri vya pikipiki anataka bango, msikiti unataka ratiba ya mwezi wa Ramadhani, timu ya mtaa inataka majina mgongoni mwa jezi.

Sehemu kubwa ya siku haiendi kwenye kuchora. Inaenda kwenye kusikiliza, kurekebisha na kudai. Mteja akiona nafasi nyeupe kwenye karatasi anaona ameibiwa: "Hapa pamepwaya, jaza kitu." Mwingine anataka picha yake iwe kubwa kuliko bidhaa. Mwingine ameshaidhinisha kila kitu, asubuhi anarudi, mkewe hajaipenda rangi.

Dada alikuwa na daftari la wateja, na kila kazi mpya lazima ianze humo kwa maswali matatu. Nani atasoma? Atasomea wapi? Akishasoma, afanye nini? Mpaka maswali hayo yajibiwe, hairuhusiwi kuwasha programu ya kuchorea. Mwanzoni niliona anatuchelewesha. Baadaye nikagundua kwamba bango la dukani linasomwa na mtu aliye juu ya bodaboda, ana sekunde mbili tatu. Kadi ya mchango inasomwa na mtu aliyekaa, ambaye anatafuta mambo mawili: kiasi na tarehe. Herufi, rangi na maneno yote yanafuata hapo. Wenzangu wa ualimu mtaona kwamba hili tunalijua kwa jina lingine. Andalio la somo linaanza na kile atakachoweza kufanya mwanafunzi kipindi kikiisha, na zana za kufundishia zinachaguliwa baada ya hapo. Tofauti ni kwamba sisi wengine tunajaza sehemu ya malengo mwishoni, ili mkaguzi aikute.

Kwenye stika ya Moa niliyajibu maswali yale haraka haraka. "Nani atasoma?" Niliandika: wateja. Dada akaguna, akaniacha. Nadhani alitaka nikajionee.

Hatua nne za Wallas

Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, Graham Wallas, alichapisha kitabu kiitwacho The Art of Thought. Humo aligawa safari ya wazo katika hatua nne. Kwanza maandalizi: unakusanya habari, unalichimba tatizo kila upande. Pili kuatamia, kama kuku na mayai: unaliacha tatizo, unafanya mambo mengine, nalo linaendelea kufanya kazi ndani kwa ndani bila wewe kulishika. Tatu mwangaza: wazo linaibuka ghafla. Nne uhakiki: unalipima kama linafanya kazi kweli, unalirekebisha.

Watu wakisimulia ubunifu husimulia hatua ya tatu tu. Nilikuwa naoga, nikapata wazo. Nilikuwa kwenye daladala, likaja. Ni kweli linakuja hivyo, lakini linamjia aliyepita hatua ya kwanza. Kuku haatamii mahali pasipo na yai.

Nikiitazama kazi yangu ya siku nne kwa hatua hizo, naona kosa lilipo. Sikuwa na maandalizi yoyote. Nilifungua kompyuta nikaandika "dagaa" kwenye sehemu ya kutafuta picha, nikachukua zilizotangulia kwa sababu zilikuwa zinang'aa. Nilikuwa nimekula mcheli tangu sijaota meno, ila sikuwahi kuwatazama. Shangazi ndiye aliyeniwekea wachache kiganjani, akanionyesha: huyu ana mstari wa fedha ubavuni toka kichwani mpaka mkiani; mdomo umepasuka ukapita jicho; na wetu huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi ndipo wakaanikwa kwenye chanja. Dagaa wa ziwani kwa kawaida huanikwa juani bila kuchemshwa, na umbo lake ni jingine. Mama yeyote wa Tanga anaona tofauti hiyo akiwa upande wa pili wa barabara. Mimi niliye na kompyuta sikuiona.

Bungua bongo ilizaliwa ofisini

Tuna mbinu moja ambayo mwanafunzi wa ualimu hawezi kumaliza chuo bila kuiandika kwenye mtihani: bungua bongo. Mwalimu anatoa swali, wanafunzi wanarusha mawazo, hakuna kukosoa, yote yanaandikwa ubaoni. Tunaifundishwa kama mali ya darasani. Lakini ilizaliwa kwenye ofisi ya matangazo. Mmarekani Alex Osborn, mmoja wa wakuu wa kampuni ya matangazo ya BBDO, alianza kuitumia na wafanyakazi wake mwishoni mwa miaka ya 1930, na kitabu chake cha mwaka 1953, Applied Imagination, kikaisambaza duniani. Kanuni zake zilikuwa nne: usikosoe kwanza, karibisha hata wazo la ajabu, tafuta wingi, na ujengee juu ya wazo la mwenzako.

Kinachoachwa mara nyingi kwenye mihadhara ni kilichofuata. Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, waliipima mbinu hiyo. Walilinganisha vikundi vya watu wanne waliobungua bongo pamoja na watu wannewanne waliofanya kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja. Waliofanya peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walieleza sababu moja kubwa: kwenye kikundi anayesema ni mmoja kwa wakati mmoja. Wengine wanasubiri zamu, na wakisubiri wanasahau walichotaka kusema au wanakiona hakina maana tena.

Ukikumbuka semina zetu utaelewa. Watu kumi na wawili, anaongea mmoja, wawili wanatikisa kichwa, waliobaki wako kwenye simu.

Dada hakuwa amesoma habari za Yale, lakini alikuwa anafanya kitu kinachoendana nazo. Kazi ngumu ikija, kila mtu anapewa karatasi na kalamu ya risasi, anakwenda kona yake. Michoro sita midogo, kila mmoja mkubwa kama kiganja, kwa dakika kama ishirini. Hakuna kuzungumza. Halafu zote zinatandazwa mezani bila majina, na hapo ndipo mdomo unaruhusiwa. Michoro miwili ya kwanza daima huwa ya kawaida, ile ambayo kila mtu angeichora. Wa tatu na wa nne unaanza kuhangaika. Wa tano na wa sita, kwa kuwa umeishiwa, unalazimika kukumbuka kitu chako mwenyewe. Jahazi na jua linalozama vilikuwa mchoro wangu wa kwanza. Siku ile Dada alikuwa amesafiri, nikaishia hapo hapo kwenye wa kwanza.

Mabaki ya darasa hili nimeyabeba. Nikienda mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wangu wataandika kwanza, kimya, kila mtu kwenye daftari lake, ndipo tubungue bongo.

Kanga, kazi ya usanifu iliyo ndani ya kila nyumba

Shangazi alipomaliza kucheka aliingia ndani akatoka na kanga. Hakuwa anataka kunipa somo. Alitaka kunionyesha rangi anazozipenda. Lakini mimi niliitandaza mkekani nikaitazama kama ninavyotazama kazi ya mteja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kanga ni karatasi yenye masharti makali kuliko kadi ya mchango.

Masharti yenyewe mnayajua. Kuna pindo, yaani ukingo unaozunguka pande zote. Kuna mji, uwanja wa katikati. Kuna jina, maneno yanayokaa upande wa chini wa mji. Huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Ukiondoa pindo, si kanga tena, ni kitenge au kitambaa tu. Ndani ya masharti hayo hayo watu wamebuni kwa zaidi ya miaka mia moja na bado kila wiki inatoka mpya.

Historia yake nayo ni ya ofisi ndogo. Neno leso limetoka kwa Wareno. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wakaunganisha sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja kubwa. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Viwanda vilikuwa mbali, Uingereza na Uholanzi kwenye miji kama Helmond na Leiden. Baadaye zikachapwa India na Japani, na baada ya uhuru hapa kwetu, kwenye viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Maneno yalipoanza kuandikwa yalikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikaja hizi tunazotumia sasa.

Jina linalotajwa sana ni la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Duka la familia yake liko Mtaa wa Biashara, na alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" bibi zetu wa Moa waliijua hata wale wasiojua kusoma, maana Mombasa ni jirani. Fikiria duka kama hilo kama ofisi ya grafiki. Mteja yuko mbele ya kaunta. Anasema rangi ya mwaka jana imechuja sifa, anataka maneno ya kumpasha jirani, anauliza kama kuna ya harusi. Mwenye duka anasikiliza. Mchoro unasafiri kwa meli mpaka kiwandani Ulaya, nguo inarudi baadaye, na ikirudi mwanamke wa pwani ndiye anayeamua kama inauzika au inabaki kwenye rafu. Mchoraji wa Uholanzi aliyechora bila kusikiliza kaunta ya Mombasa au Unguja alikuwa kwenye hali yangu na dagaa wangu wa Mwanza.

Ndiyo maana kanga inaweza kushika jambo la leo. Mwaka 2008 Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, zilitoka kanga zenye picha yake na maneno ya hongera, na pindo likabaki pindo, mji ukabaki mji. Habari ilikuwa mpya, umbo lilikuwa la zamani. Mbunifu hakuhitaji kuanza moja.

Tingatinga na rangi ya baiskeli

Mfano wa pili unatuhusu watu wa Tanga kwa njia ambayo wengi hawaijui. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini. Miaka ya 1950 alikuja mkoa wa Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko alifanya vibarua na kazi za nyumbani, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 akaanza kuchora.

Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya mraba vya ubao mwepesi, ule unaowekwa darini, na rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli. Vifaa hivyo vina tabia zake. Rangi ile inang'aa, haichanganyiki kwa ulaini kama rangi za maji, kwa hiyo kivuli chembamba ni taabu kukipata. Inafaa kwa umbo kubwa lililojazwa rangi moja, likazungushiwa mstari na kutiwa madoa. Chui wake, ndege wake, pundamilia wake wamekaa hivyo. Mtindo tunaouona kwenye maduka ya watalii leo ulianza na kilichopatikana dukani kwa bei ya kibarua.

Aliuzia picha zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuwa wanakuja kununua mahitaji. Akawafundisha ndugu na jamaa. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani gari alilokuwamo ni la wahalifu waliokuwa wanawatafuta. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Kazi yao iliendelea kama karakana: anayejifunza anaanza na kupaka rangi ya nyuma, anaangalia mkono wa mkubwa wake, ananakili, anakosolewa, siku moja anaachiwa chui mzima. Hakuna aliyengoja ashukiwe. Unafika asubuhi, unakuta ubao, unapaka.

Nawaza jinsi tunavyofundishwa kuogopa kunakili. Ni kweli, kuiba kazi ya mtu na kuandika jina lako ni wizi. Lakini mwanafunzi wa karakana ananakili ili mkono ujue, kila mtu akijua kwamba ananakili. Mtoto wa darasa la tatu anayechora nyumba kama ya jirani yake wa dawati anafanya hivyo hivyo, nasi tunampiga kwa "kuiba".

Stika ya pili

Basi nilirudi kuanza upya, zamu hii kwa maandalizi. Nilikaa Moa siku mbili. Usiku mmoja, mwezi ukiwa haupo, nilikwenda ufukweni kuwangoja wavuvi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwenye giza, mbalamwezi ikiwa kali hawafuati taa. Asubuhi niliwaona akina mama wakichemsha na kuanika. Niliwauliza maswali matatu ya Dada, safari hii nikaandika majibu yao na siyo yangu. Nani atasoma? Mama wa Tanga mjini anayejua dagaa kuliko sisi. Atasomea wapi? Dukani, pakiti imening'inizwa kwenye msumari, mwanga hafifu. Afanye nini? Aamini kwamba hawana mchanga. Hilo la mchanga lilisemwa na wote. Ndilo lalamiko la kwanza la mnunuzi wa dagaa, na mimi kwenye stika yangu ya jua linalozama sikuwa nimeligusa hata kidogo.

Kisha nikachora michoro sita. Wa sita ulikuwa kanga: pindo la samaki wadogo waliofuatana kichwa kwa mkia, mcheli wenye mstari ubavuni, mji mtupu, umeachwa wazi ili dagaa wenyewe waonekane kupitia plastiki, na chini, mahali pa jina, maneno manne: "Wa chanja, hawana mchanga." Maneno yenyewe aliyatoa shangazi akiwa anageuza dagaa, wala hakujua kwamba anafanya kazi ya ofisi.

Dada aliangalia, akaondoa rangi moja kwa sababu kila rangi inaongeza gharama ya kuchapa, akasogeza namba ya simu. Akasema, "Sasa hii nendeni mkachape." Hiyo ndiyo hatua ya nne ya Wallas, na ilichukua dakika tano.

Jambo la fedha nalisema kwa kifupi, maana linatugusa hapa chuoni. Ofisi ile ilichukua nusu ya malipo kabla ya kuanza, na marekebisho kuanzia ya tatu yalilipiwa. Niliona ni ukali. Sasa naona Dada alikuwa anauza yale maswali, michoro iliyotupwa na usiku wa ufukweni, ambavyo mteja havioni kwenye karatasi. Kila msimu wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, wenzetu wanaojua kompyuta wanaambiwa, "Mwanangu, nipigie posta chapu, dakika tano tu." Dakika tano ni za kubonyeza kitufe. Ukimwomba mwenzako hivyo, mnunulie angalau chakula cha jioni, au umpe siku tatu na majibu ya yale maswali matatu.

Pakiti zilichapwa, zikatosha. Siwezi kusema kikundi kimetajirika. Kinauza, na bei wanaipanga wenyewe. Mara ya mwisho nilipopita Moa nilimkuta shangazi ameibandika stika moja ukutani juu ya kitanda chake. Nikamuuliza kama anaipenda. Akaitazama kidogo, akasema pindo zuri, ila herufi za chini ni ndogo, macho yake hayazioni bila miwani. Nimeliandika kwenye daftari, kwa ajili ya toleo lijalo.